Damu Kumulikwa kwa Mwanga: Ni Tiba au Majaribio?

SWALI: Daktari, mjomba wangu anayeishi Uingereza amegunduliwa kuwa na ugonjwa wa Sézary. Ngozi yake imebabuka mwili mzima na usiku halali kwa kuwashwa. Ameambiwa kwamba damu yake itatolewa, imulikwe kwa mwanga, kisha arudishiwe. Je, tiba hiyo imewahi kupimwa, au yeye ndiye anayejaribiwa?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Imepimwa, na si jana wala juzi. Ugonjwa huo ni saratani adimu ya chembe nyeupe za damu aina ya T, ambazo huzaana ovyo na kuivamia ngozi, na ndiyo sababu mwanzoni wengi hudhaniwa kuwa na ukurutu. Katika tiba hiyo, mashine hutenganisha chembe nyeupe na damu nyingine, kisha chembe hizo huchanganywa na methoksaleni, dawa ambayo hulala tu hadi imulikwe na miale ya urujuanimno. Hapo ndipo huishika DNA ya chembe na kuzifanya zife polepole baada ya kurudishwa mwilini.

Mwaka 1987 Richard Edelson na wenzake nchini Marekani walichapisha matokeo ya wagonjwa 37 ambao tiba nyingine ziliwashinda: 27 kati yao walipata nafuu, na mwaka uliofuata mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ikaidhinisha matumizi yake. Nikiri kwamba utafiti huo haukuwa na kundi la kulinganishwa nalo, kasoro ambayo ingenisumbua zaidi kama ugonjwa wenyewe ungekuwa wa kawaida.

Linalostaajabisha ni kwamba mashine humulika sehemu ndogo tu ya chembe zote, ilhali ugonjwa hupungua hata kwenye ngozi ambayo mwanga haukuifikia. Watafiti hudhani kwamba chembe zinazokufa huiamsha kinga ya mwili iwatambue wenzao wagonjwa, kazi isiyofanyika kwa siku moja. Kwa kawaida mgonjwa hutibiwa siku 2 mfululizo takriban kila baada ya wiki 4, na kila mara hujikinga na jua na kuvaa miwani ya kuzuia miale kwa saa 24. Katika utafiti ule, nafuu ilionekana baada ya wastani wa wiki 22. Basi mjomba akiwapigia simu mwezi wa pili wa tiba akilalamika kwamba bado anawashwa, msimshauri aache.