Nzi dume tasa kwenye maembe: shamba moja halitoshi

Mkuu, umeuliza kama mwenye ekari tatu za maembe Mkuranga anaweza kupata madume tasa wa nzi wa matunda, awaachie shambani, aachane na kupulizia dawa. Nami nalima dodo na bolibo wilaya hiyohiyo. Kwa shamba moja, hapana, na sababu si bei tu.

Nzi hawa hufugwa kiwandani kwa mamilioni. Wakifika hatua ya pupa, yaani funza aliyejifunga ganda kabla ya kuwa nzi, hupigwa mionzi ya gama. Uzazi unakufa, hamu ya kupanda jike inabaki. Jike wa porini akipandwa na dume huyo, mayai yake hayaanguliwi. Lakini lazima madume tasa wawazidi wa porini mara nyingi sana, na lazima eneo lote lihusike. Jike aliyekwisha pandwa kwa jirani akirukia kwako, anataga tu. Madume wako hawamzuii.

Ushahidi upo hapa hapa kwetu. Mbung'o wa Unguja walimalizwa kwa njia hii: madume walifugwa Tanga, wakamwagwa kwa ndege kuanzia 1994, zaidi ya milioni 8, na mbung'o wa porini wa mwisho akanaswa 1996. Ila Unguja ni kisiwa, na kabla ya ndege kuruka ng'ombe walipakwa dawa ili mbung'o wapungue kwanza. Tena mbung'o huzaa mtoto mmoja mmoja. Huyu wetu wa maembe, aliyetoka Asia na kugunduliwa pwani ya Kenya 2003, jike mmoja anataga mayai mamia. Kwenye matunda, Meksiko walifanikiwa dhidi ya nzi wa matunda wa Mediterania mwaka 1982, lakini ile ilikuwa kazi ya serikali na kiwanda chake.

Kwa hiyo punguza nzi kwanza. Kagua dodo zinazoanza kukomaa: ukiona kitundu kama cha sindano na tone la utomvu, jike ameshapita. Pasua baada ya siku chache, funza weupe wanarukaruka. Embe hilo likidondoka, funza wanatoka, wanaingia udongoni, wanakuwa pupa. Ndiyo maana kuokota yaliyodondoka kila siku kunashinda mambo mengi ya gharama. Yafunge kwenye nailoni nyeusi juani mpaka funza wafe, au yafukie nusu mita kwenda chini. Juu juu haisaidii, nzi wanatoka.

Mitego ya methili eujenoli, kemikali yenye harufu inayovuta madume, inanasa madume tu. Ikijaa watu hufurahi, lakini dume mmoja aliyebaki anapanda majike wengi, kwa hiyo ongeza chambo cha protini, ambacho majike nao hukifuata.

Halafu kaa na majirani. Anzeni na ile miembe na mipera ya kando ya barabara isiyo na mwenyewe, maana hakuna anayeokota chini yake.