Usiite sys_ ukiwa ndani ya kerneli

Katika msimbo wa zamani wa Linux utakuta kerneli (kiini cha mfumo endeshi) ikiita sys_chdir() au sys_readahead() yenyewe, kana kwamba ni programu ya mtumiaji. Vitendakazi vya sys_ ni miito ya mfumo, yaani milango ambayo programu hutumia kuiomba kerneli kazi. Toleo la 4.17, mwaka 2018, lilifunga mlango huo. Tangu hapo, kwenye x86-64, mwito wa mfumo hupokea kigezo kimoja tu, pointa ya struct pt_regs (rekodi ya rejista za mtumiaji), kisha huchota humo rejista unazozihitaji. Zamani zote sita zilipitishwa hata kama mwito ulitaka mbili, na thamani alizoacha mtumiaji zikazagaa ndani ya kerneli. Baada ya Spectre, udhaifu wa vichakataji unaoweza kuvujisha data, hilo halikuvumilika tena.

Chukua readahead, mwito wa kusoma sehemu ya faili mapema; tutauundia ksys_, kitendakazi cha kawaida ambacho kerneli inaweza kukiita yenyewe. Anza na git grep -nw sys_readahead. Bila -w, matokeo yatachanganyika na ksys_ na compat_sys_. Hamishia mwili wote kwenye ksys_readahead(int fd, loff_t offset, size_t count), itangaze katika include/linux/syscalls.h, na ndani ya SYSCALL_DEFINE3 bakiza mstari mmoja: return ksys_readahead(fd, offset, count);. Angalia koma: makro hiyo hutenganisha hata aina na jina, yaani int, fd, loff_t, offset. Halafu geuza waitaji waite ksys_readahead(). Usiguse mantiki katika kiraka (patch) hichohicho, kwa sababu ksys_ ni ahadi kwamba vigezo ni vilevile na makosa ni yaleyale, -EBADF (kosa la namba mbaya ya faili) ikibaki -EBADF.

Waitaji halali zaidi ni njia za biti 32, ambako offset ya biti 64 hufika imegawanywa katika rejista mbili na lazima iunganishwe kwanza.

Usijaribu kwenye ARM ya biti 32 peke yake. Huko sys_readahead() bado ipo na kila kitu kitajengeka vizuri. Ukihamia x86-64, kompaila italalamika kwamba haiijui.

Kosa linalosumbua zaidi ni la pointa. ksys_read() bado inataka bafa ya __user, yaani iliyo katika kumbukumbu ya programu ya mtumiaji. Ukiipa bafa ya kerneli, kwenye x86 tangu 5.10 ilipoondoa set_fs(), iliyoruhusu bafa ya kerneli ipite kama ya mtumiaji, utarudishiwa -EFAULT (kosa la anwani mbaya). Hapo hukuhitaji ksys_ hata kidogo: shika struct file, tumia kernel_read(), na uipe pointa ya nafasi yako mwenyewe. Namba ya fd (ya faili lililofunguliwa) nayo husomwa kwenye jedwali la mchakato unaoendeshwa wakati huo, ambao huenda si ule uliofungua faili.