Madoa meusi kaskazini mwa Goma: lava, shamba lililoungua au kivuli cha wingu?

Ndugu uliyeuliza namna ya kuyatambua madoa meusi yanayoonekana kaskazini mwa Goma, mashariki mwa Kongo, katika picha ya Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zinazopiga picha ardhi, nakujibu kwa sababu swali hilohilo lilinisumbua miezi mingi nilipokuwa nikichora ramani ya upande wa volkano ya Nyiragongo, kandokando ya barabara ya Rutshuru.

Picha hiyo ina bendi, yaani tabaka ambazo kila moja hupima sehemu yake ya mwanga. Ukichanganya bendi za 4, 3 na 2 (nyekundu, kijani na buluu) ili upate rangi za kawaida, Ziwa Kivu, lava, shamba lililochomwa na kivuli vyote vitakuwa vyeusi, maana vyote hurudisha mwanga kidogo katika mawimbi ambayo macho yetu huyaona. Kwa hiyo acha rangi, ulifuate doa lenyewe kutoka bendi hadi bendi. Maji humeza karibu mwanga wote wa infraredi, ule usioonekana kwa macho, kuanzia bendi ya 8 hadi ya 11 na ya 12. Lava nayo ni hafifu kila mahali, lakini haishuki kufikia maji, na thamani zake hazipishani sana. Ardhi iliyoungua ina tabia yake: majani yakiisha, bendi ya 8 huanguka, ilhali ya 12 hupanda, mara nyingi hata kuipita ya 8.

Kivuli ndicho kilichonipotosha zaidi, kwa kuwa hapa kwetu mawingu hayakosekani. Migomba iliyo chini ya kivuli bado ni migomba: mwanga umepungua, lakini bendi ya 8 inabaki juu kuliko ya 4, na kipimo cha uoto, yaani tofauti ya bendi hizo mbili ikigawanywa kwa jumla yake, hakiporomoki kama juu ya lava. Tena setilaiti hupita asubuhi, karibu saa nne na nusu kwa saa ya jua, kwa hiyo kivuli huangukia upande wa magharibi wa wingu lake. Tafuta wingu hilo upande wa mashariki, kisha fungua picha inayofuata, ambayo kwa kawaida ni ya siku tano baadaye, uone kama doa bado lipo.

Hata hivyo, kujua kwamba ni lava hakukuambii ni lava ya lini. Niliwahi kuchora kipande kizima nikakiita lava ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021, kisha nikakodi pikipiki na kwenda kukiona. Nilikuta mawe yaliyofunikwa na likeni, ule utando wa kijivu unaoota juu ya lava yetu, na mimea midogo ikichipua katika nyufa. Lilikuwa jiwe la zamani zaidi. Tangu siku hiyo sichori mpaka wa lava bila picha mbili, moja ya kabla ya mlipuko na nyingine ya baada yake. Kule Buhene, pembezoni mwa Goma, mashamba na nyumba vilifunikwa na lava ya 2021, na kipimo cha uoto kikashuka ghafla kisirudi, wakati shamba lililochomwa huanza kurudisha kijani mvua zikinyesha.

Ndani ya mji ni vigumu zaidi. Mabati, viwanja vilivyomwagwa changarawe ya lava na kuta za mawe hayohayo huchanganyika katika pikseli moja, yaani kimraba kimoja cha picha, ya mita 10, na bendi za 11 na 12 zina pikseli za mita 20. Mimi siliamini doa lolote la mjini lenye upana usiozidi pikseli mbili au tatu za bendi hizo hadi nilione kwa miguu.

Weka hapa viwianishi vya madoa yako pamoja na tarehe ya picha, nami nitayalinganisha na alama nilizochukua barabarani.