Dunia haitanuki

SWALI: Mwalimu, katika insha ya skuli nimeandika: "Mvuto wa dunia huchelewesha saa, lakini haukuzuia dunia kupanuka." Mwenzangu anasema ni "mvutano", si "mvuto". Nani amepatia? – Mwanafunzi, Wete, Pemba.

JAWABU: Mwenzako amepatia. Kitenzi ni vuta. Kitie -na kinakuwa vutana, huyu anamvuta yule na yule anamvuta huyu. Karafuu ikidondoka mkarafuuni huvutwa na dunia, nayo huivuta dunia kwa nguvu ile ile. "Mvuto" muachie bibi harusi na udi wake.

Lililonikera ni "dunia" yako ya pili. Ya kwanza ni hii sayari tunayoikanyaga. Ya pili unakusudia ulimwengu mzima na galaksi zake zote, yaani makundi makubwa ya nyota. Neno moja, sentensi moja, maana mbili! Na si wewe peke yako, mwanangu, kosa limeenea hata kwa watu wazima wenye elimu zao. Dunia haitanuki.

Chukua Unguja na Pemba. Baina yake pana bahari ya kilomita 50 hivi. Wanafalaki wamepima kwamba kila umbali ukizidi kwa miaka ya nuru milioni 3.26 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru huukata kwa mwaka mmoja), kasi ya galaksi kuachana huzidi kwa kilomita 70 hivi kwa sekunde. Iteremshe hesabu hiyo mpaka kwenye mkondo wetu: Pemba ingeikimbia Unguja kwa chini ya sehemu 4 katika 1,000 za milimita kwa mwaka. Ungengoja karibu miaka 20 upate unene wa unywele mmoja. Na hata unywele huo haupo, kwa sababu mwamba umeshikana na mwamba, dunia imeshikwa na jua, na jua limeshikwa na galaksi yake. Penye mshiko kama huo mtanuko hauna kazi. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, haitukimbii kabisa: inatujia. Kinachotanuka ni nafasi iliyopo baina ya makundi ya galaksi, huko mbali, na ndiko alikotazama mwanafalaki Edwin Hubble mwaka 1929 alipoonesha kwamba galaksi kadiri ilivyo mbali ndivyo inavyozidi kwenda kasi kutuacha.

Katika methali, dunia na ulimwengu hupokezana, na hapo sina ugomvi. Asiyefunzwa na mamaye na afunzwe na chochote kati ya viwili hivyo. Katika insha ya sayansi, hapana.

"Kupanuka" nako nakustahamilia tu. Asili yake ni -pana, na barabara ikipanuliwa huongezwa ubavuni, haiongezwi urefu. Ulimwengu unakua pande zote, kwa hiyo unatanuka. Lakini neno limeshazoeleka, na kwa hilo sikukatii alama.

"Huchelewesha saa" sikusamehe. Saa inayochelewa ni mbovu, hupelekwa kwa fundi. Saa za satelaiti zinazomuonesha nahodha njia ni nzima kabisa, na bado kila siku huzitangulia za huku chini kwa mikrosekunde 38 hivi (mikrosekunde ni sehemu moja katika milioni ya sekunde). Kule juu mvutano ni dhaifu, hivyo huchuma mikrosekunde 45. Mbio za satelaiti huzirudisha nyuma 7. Usidharau tafauti hiyo: katika mikrosekunde 38 nuru hukata zaidi ya kilomita 11, na ndiyo maana mafundi huzirekebisha saa hizo kwa makusudi. Hakuna saa iliyokosea hapo. Wakati wenyewe ndio unaokwenda polepole zaidi karibu na ardhi.

Andika hivi: "Mvutano hupunguza mwendo wa wakati, lakini haukuzuia ulimwengu kutanuka." Na "wa dunia" nimeliondoa kusudi, maana kasayari kamoja hakawezi kubebeshwa kazi ya kuuzuia ulimwengu mzima.