Maswali ya Wasomaji: Beseni la Papa Fransisko

SWALI: Katekista wetu anashikilia kwamba katika Misa ya Alhamisi Kuu, Alhamisi ya kabla ya Pasaka, wanaooshwa miguu ni wanaume 12, kama mitume waliooshwa na Yesu. Akina mama wa jumuiya wanasema Papa Fransisko aliwaosha hata wanawake. Nani yuko sahihi, na maandalizi yafanywe vipi?
Msomaji, Busia

JIBU: Akina mama wako sahihi, ila katekista naye hakubuni jambo hilo. Misale (kitabu cha sala za Misa) ya zamani ilitaja wanaume. Tarehe 28 Machi 2013, siku 15 baada ya kuchaguliwa, Papa Fransisko alikwenda kwenye gereza la vijana la Casal del Marmo, Roma, akapiga magoti na kuwaosha miguu vijana 12, wakiwemo wasichana na Waislamu. Manung'uniko yalikuwa mengi. Kisha ikatoka hati ya Vatikani ya tarehe 6 Januari 2016: wanaoshwa waliochaguliwa katika Taifa la Mungu, yaani waamini, wanaume kwa wanawake, vijana kwa wazee, wazima kwa wagonjwa. Hati hiyo haidai watu 12. Tendo lenyewe si la lazima, na mwenye kuamua ni paroko, kwa hiyo mwendeeni kwa ombi, msimwendee na gazeti hili mkononi.

Uchaguzi wa watakaooshwa ndio unaoharibu mambo kuliko yote. Orodha ikiandikwa na kamati ya ujenzi, utakuta wafadhili watupu mbele ya altare. Kila jumuiya itoe mtu mmoja, na angalau wawili wawe wale wasioitwa mbele kamwe: mjane, mwendesha boda boda, mlemavu. Waambiwe wiki moja kabla na waelezwe maana yake.

Kwa watu 12, lita 10 za maji ya vuguvugu zinatosha, mkiosha mguu mmoja kwa kila mtu. Tayarisheni jagi, mabeseni mawili (moja likijaa, la pili linaingia) na taulo ndogo 12. Watumishi wawili wanamfuata padre: mmoja na jagi na taulo, mwingine na beseni. Tandikeni mkeka, maana sakafu ya saruji iliyosuguliwa huteleza ikilowa. Benchi liwe chini ya ngazi za altare, wazee wasipande. Mama aliyevaa gomesi, lile vazi refu na pana, aketi mwishoni mwa benchi apate nafasi ya kukusanya nguo, na viatu vya kamba viachwe nyumbani.

Tendo hufanyika baada ya mahubiri. Likiisha, padre ananawa mikono, kisha yanafuata maombi ya waamini. Nasadiki, yaani kanuni ya imani, haisaliwi siku hiyo. Msimwekee padre kigoda akae, labda kama magoti yake ni mabovu. Kuinama ndiyo ibada yenyewe.

SWALI: Tumechanga fedha za sanamu ya Papa Fransisko ndani ya kanisa. Inaruhusiwa?
Msomaji, Kasese

JIBU: Ikiwa ni ya kuheshimiwa kwa ibada, hapana. Kanuni ya 1187 ya Sheria ya Kanisa inaruhusu ibada ya hadhara kwa watakatifu na wenyeheri waliotangazwa tu, naye hajatangazwa. Picha ukumbini haina tatizo. Yeye mwenyewe aliagiza kaburi la chini, lisilo na mapambo, lenye neno moja tu: Franciscus.

Fedha hizo zina pa kwenda. Tarehe 28 Novemba 2015, siku ile ile aliyoadhimisha Misa Namugongo, Uganda, alifika Nalukolongo, Kampala, kwenye nyumba ya wazee na walemavu maskini iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga. Tafuteni nyumba ya namna hiyo jimboni kwenu, au wazee walio peke yao vijijini. Kwanza mwulizeni msimamizi kinachopungua. Vikundi vingi hupeleka nguo kuukuu na biskuti wakati shida ni sabuni, nepi za watu wazima na nauli ya zahanati. Nendeni watu watano au sita, si basi zima. Kamera ibaki nyumbani.