Swichi zinaungua kila msimu wa radi na UPS ipo: tatizo si soketi

Mkuu, kwa ulivyoeleza, ofisi yenu ina majengo mawili yaliyounganishwa kwa kebo ya kawaida ya mtandao iliyopita juu kwa juu, antena ya intaneti iko kwenye mlingoti wa paani, vifaa vyote vimechomekwa kwenye UPS (betri ya akiba ya umeme), na bado kila mvua za radi zikianza mnanunua swichi mpya za mtandao, yaani vile visanduku vya kugawa mtandao. Usiilaumu UPS. Yenyewe inalinda njia moja tu, ile ya soketi, na hapo kwenu kuna njia nyingine mbili ziko wazi kabisa.

Kifaa hakiungui kwa sababu tu volti zimepanda. Kinaungua pale nyaya mbili zinazokiingia zinapokuwa kwenye volti tofauti kwa wakati mmoja. Radi ikipiga chini jirani na ofisi, ardhi yenyewe inapanda volti, na inapanda zaidi karibu na pale ilipopiga. Kwa hiyo ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini) ya jengo moja inakuwa juu kuliko ethi ya jengo la pili kwa maelfu ya volti, na kitu kinachoyaunganisha ni hiyo kebo yako ya shaba. Tofauti yote inaishia kwenye poti mbili za mwisho. Transfoma ndogo zilizo nyuma ya poti ya Ethernet (tundu la kebo ya mtandao) zinatakiwa kuhimili volti 1,500. Zikizidiwa, chipu ndiyo inayofuata. Ndiyo maana unakuta swichi inawaka taa, feni inazunguka, ila poti mbili tatu zimekufa. Mshtuko ungeingilia kwenye soketi, kwa kawaida pawasaplai ndiyo ingetangulia.

Kati ya majengo, toa shaba uweke faiba, kebo ya nyuzi za kioo inayopitisha mwanga badala ya umeme. Hapo sikushauri ununue kinga ya aina yoyote, faiba inamaliza shauri. Kama swichi zako zina nafasi za SFP (za kuchomekea kiunganishi cha faiba) tumia hizo, kama hazina weka midia konveta (kisanduku cha kugeuza faiba kuwa kebo ya kawaida) moja kila upande. Angalia jambo moja: kebo nyingi za faiba za nje zina waya wa chuma wa kubebea au ganda la chuma. Ukiuleta huo waya mpaka ndani ya raki (kabati la vifaa vya mtandao) umerudisha ugonjwa uleule kwa mlango wa nyuma. Ukate pale kebo inapoingia jengo, ufungwe kwenye ethi hapohapo, na ndani ziende nyuzi za kioo peke yake. Ukipata kebo isiyo na chuma kabisa, chukua hiyo.

Antena ndiyo yenye kazi, kwa sababu inahitaji umeme kupitia kebo hiyohiyo ya data. Tumia kebo ya nje yenye ngao, pamoja na plagi zenye ganda la chuma. Ukibana plagi ya plastiki, ngao inaning'inia tu haina kazi. Kisha weka kinga za Ethernet mbili: moja karibu na antena, iliyofungwa kwenye mlingoti, na nyingine pale kebo inapoingia jengo, kabla haijafika kwenye raki. Soma maandishi yake kabla ya kulipa. Kinga ya PoE (umeme unaopita kwenye kebo ya data) ya volti 48 na ile ya volti 24 si kitu kimoja, na kama kiungo ni cha gigabiti lazima ilinde jozi zote nne za nyaya. Halafu ile skrubu ya ethi pembeni si pambo. Kinga isiyofungwa waya wa ethi ni kipande cha kuungia kebo tu, na nyingi zilizopo kazini ziko hivyohivyo.

Sasa ethi, ambapo hata mafundi wazuri hukosea. Mtu anaona vifaa vinaungua, anachimbia fimbo mpya ya "ethi safi" kwa ajili ya raki au mlingoti, na haiungi na ethi ya jengo. Hapo ameongeza tatizo, maana sasa una ardhi mbili zenye volti tofauti ndani ya jengo moja. Fimbo zote ziungwe pamoja: ya mlingoti, ya DB (boksi la kugawa umeme wa jengo), ya raki, zote zifike kwenye bamba moja la ethi. Usihangaike sana kutafuta ethi yenye omu (kipimo cha ukinzani) ndogo kuliko zote. Piga hesabu: radi ya ampea 10,000 kwenye ethi ya omu 10 ni volti 100,000, ukiishusha hadi omu 1, ambayo ni gharama kubwa, bado una volti 10,000. Kinachookoa vifaa ni vyote kupanda pamoja, kama vyombo ndani ya jahazi maji yanapojaa.

Kwenye DB weka SPD (kinga ya mshtuko wa umeme) ya Aina ya 2. Kwa umeme wa volti 230, tafuta iliyoandikwa Uc (volti inazoweza kuvumilia muda wote) 275 V na Up (volti inazoziacha zipite wakati wa mshtuko) isiyozidi 1.5 kV, yaani volti 1,500. Kama umeme unakuja kwa nyaya za nguzo au jengo lina fimbo ya radi, chukua ile ya Aina ya 1+2. Waya wake wa ethi usiwe chini ya milimita 6 za mraba kwa Aina ya 2, na 16 kwa Aina ya 1.

Ila kinachoua kazi ya SPD nyingi ni urefu wa nyaya zake. Waya ulionyooka una ukinzani wa ajabu kwa mkondo unaopanda ghafla: mkondo ukipanda ampea 1,000 ndani ya sehemu ya milioni moja ya sekunde, kila mita ya waya inaongeza kama volti 1,000. Fundi akifunga SPD ya 1.5 kV kwa mita moja na nusu ya waya uliokunjwa vizuri nyuma ya DB, vifaa vyako vinaona 3 kV. Vifaa vingi vya ofisini vimeundwa kuhimili 2.5 kV, vingine 1.5 tu. Jumla ya waya kuanzia laini, kupitia SPD, hadi bamba la ethi isizidi sentimita 50. Usikunje kona kali, wala usiviringishe waya uliobaki, ukate.

Kuna uharibifu mwingine unaosingiziwa radi. Nyutro (waya wa kurudishia umeme) ikikatika kwenye mfumo wa fezi tatu, baadhi ya soketi zinaweza kupanda kuelekea volti 400 na kukaa hivyo dakika nzima. SPD haikuwekwa kwa ajili hiyo. Itachemka na kufa. Hapo unahitaji kifaa kinachopima volti na kukata, kwa mfano zikipita 265 au zikishuka chini ya 180, kisha kinasubiri dakika 3 hadi 5 kabla ya kurudisha.

Pima pia ethi ya soketi za raki. Ekstensheni ya pini mbili mahali popote kwenye mnyororo huo inafuta kazi ya kinga zote zilizo mbele yake.

Baada ya radi kubwa, pita na uangalie poti ambazo kasi yake imeshuka kutoka 1,000 hadi 100 Mbps, au zenye makosa ya CRC (data inayofika ikiwa imeharibika) yanayoongezeka. Poti ya namna hiyo imejeruhiwa, jozi moja ya nyaya imekwenda. Ihamishe kebo na uifunge poti. Kwenye DB, dirisha la SPD likiwa jekundu badilisha katriji. Kinga za Ethernet nyingi hazina dirisha. Zikifa, ama zinakata kiungo, ama zinaacha data ipite bila kulinda chochote, kwa hiyo weka ya akiba na ubadilishe ile ya antena kila ikishapigwa.

Kama bajeti inatosha jambo moja tu kwa sasa, fanya faiba kwanza. Kuunga fimbo za ethi pamoja ni kazi ya siku moja na waya kidogo, unaweza kuifanya wakati unasubiri kebo ifike.