Oda moja, SMS mbili

SWALI: Programu yetu ya Node.js inasoma oda kwenye foleni ya Amazon SQS (huduma ya kutunza ujumbe kwenye foleni hadi programu iusome) kwa kutumia maktaba ya sqs-consumer. Kila oda inatengenezewa risiti ya PDF, kisha mteja anatumiwa SMS. Siku za oda nyingi, baadhi ya wateja wanapata SMS mbili kwa oda moja, na logi haionyeshi kosa lolote. Shida iko wapi?

JIBU: Pima kwanza oda moja inachukua sekunde ngapi hadi kumalizika. SQS haifuti ujumbe unapousoma. Inauficha tu, na usipobadilisha chochote inauficha kwa sekunde 30. Seva ikilemewa na risiti ikachukua sekunde 40, ujumbe unaonekana tena na nakala nyingine ya programu yako inauchukua. Zote mbili zinamaliza kazi salama, ndiyo maana logi iko kimya.

Kwenye Consumer.create weka visibilityTimeout: 120 (sekunde za kuficha ujumbe) na heartbeatInterval: 40. Hapo kila sekunde 40 maktaba itaomba ujumbe ufichwe kwa sekunde 120 nyingine, mpaka kazi iishe. Namba ya pili lazima iwe ndogo kuliko ya kwanza. Hakikisha pia ruhusa za IAM (mfumo wa ruhusa wa Amazon) zina sqs:ChangeMessageVisibility. Wengi hutoa za kusoma na kufuta tu, wakaisahau hiyo.

Bado hujawa salama. Foleni ya kawaida ya SQS inaahidi kufikisha ujumbe angalau mara moja, kwa hiyo marudio yanaweza kuja hata ukiweka muda vizuri. Kinga ya kweli ni hifadhidata: namba ya oda iwe ufunguo wa kipekee, uingize rekodi yenye hali "inatumwa" kabla ya SMS, kisha uibadilishe kuwa "imetumwa". Rekodi ikikataliwa kwa kuwa ipo tayari, usitume. Zilizokwama kwenye "inatumwa" zikaguliwe, maana huenda programu ilianguka katikati. Usitegemee MessageId (namba ambayo SQS hukipa kila ujumbe unaotumwa): oda ileile ikitumwa foleni mara mbili hupata mbili tofauti.

SWALI: Risiti ikishindikana, ujumbe wake unapotea kabisa. Tumezungushia kila kitu try/catch.

JIBU: Hiyo catch ndiyo inayoupoteza. Kosa likimezwa humo na handleMessage (kipande chako kinachoshughulikia ujumbe) ikarudisha ujumbe kama kawaida, maktaba inaamini kazi imefanikiwa na inaufuta. Andika kosa kwenye logi, kisha ulirushe tena kwa throw. Angalia pia forEach yenye async ndani: haingojwi, hivyo ujumbe hufutwa kazi ikiwa bado inaendelea. Tumia for...of na await.

Halafu tengeneza foleni ya pili ya ujumbe ulioshindikana, maxReceiveCount (mara ambazo ujumbe husomwa kabla ya kuhamishiwa huko) iwe 5. Muda wake wa kutunza uwe siku 14, si 4 zinazowekwa usipobadilisha, kwa sababu kwenye foleni za kawaida siku zinahesabiwa tangu ujumbe ulipotumwa mara ya kwanza, si ulipohamishiwa huko.